Kikwata cha Ghorofa ya Tatu

Jumanne moja ya Februari mwaka 2002, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Hayat aliitwa chumba namba nane, akaonyeshwa kiti cha plastiki, akapewa maji katika kikombe cha karatasi. Ng'ambo ya meza alikaa afisa, mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijani, na mbele yake fomu ya kuomba ukimbizi yenye maswali mia moja na arobaini. Mkalimani alikuwa hajafika. Basi lake lilikwama Cricklewood. Alipoingia alivua kofia, akaketi, na kwa kuwa ni kijana aliyelelewa, asiyeweza kumvamia kwa maneno mwanamke aliyemzidi umri, alimsalimu Hayat kwanza.

"Habari yako, mama?"

"Njema."

"Na habari za nyumbani?"

"Njema."

"Wote wazima?"

"Wote wazima, alhamdulillahi."

Afisa akainua macho, akauliza wamesemezana nini. Mkalimani huyo aliitwa Solomon, Mkenya wa Nakuru aliyekuja London kusomea uhandisi, na alikuwa ameapa kwa maandishi kwamba atatafsiri kila neno bila kuongeza wala kupunguza. Akatafsiri kila neno. Afisa akaandika kwenye mstari wa kwanza: Hali ya nyumbani kwake ni njema, jamaa zake wote ni wazima, na anamshukuru Mungu kwa hali hiyo. Kisha wakaingia swali la pili, ambalo lilihusu jina lake.

Hapo hapana wa kumlaumu. Mtu wa pwani umkute anatoka kuzika, ukimuuliza habari atakwambia njema. Atakaa, atapangusa uso, atakuuliza na wewe habari za kwako, na ndipo atakapokwambia "ila". Ila ya Hayat ilifika kwenye swali la thelathini na mbili. Hapo alieleza kwamba mumewe, Harith, aliyekuwa akichoma chokaa katika kisiwa kimoja cha Wabajuni kusini ya Kismayu, alipigwa risasi na wenye bunduki mbele ya tanuri lake. Kwenye swali la thelathini na tatu, nyumba ikachomwa. Kwenye la thelathini na nne alieleza kwamba binti yake, Miska, mwenye miaka minane, amebaki Mombasa kwa shangazi yake, dada wa Harith, kwa sababu aliyemsafirisha alikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Hayat alitangulia ili apate karatasi, na karatasi hiyo imlete mtoto. Hakutaka kitu kingine London. Afisa aliyaandika hayo yote vizuri, kila moja kwenye mstari wake.

Hayat alikuwa akikaa Kilburn, ghorofa ya tatu, juu ya duka la masanduku ya safari, katika nyumba ya kupanga ya Suad. Suad ni Mzanzibari aliyeko Uingereza tangu mwaka 1971, mama wa watu, mdomo mrefu na moyo mweupe, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee huko Wembley, kuwaogesha na kuwalisha. Jioni ile alirudi na viatu vyake mkononi, akasimama kwenye mlango wa chumba cha Hayat.

"Haya, habari za huko ulikokwenda?"

"Njema," akasema Hayat.

Chini ya redieta ya kupashia chumba joto zulia la plastiki likapasuka, kikatoka kijiti cha rangi ya majivu, urefu wa vidole viwili, kina miiba miwili miwili iliyojipinda. Hayat akainama akakitazama. Kilikuwa kikwata. Kwao kimejaa juu ya miamba nyuma ya matanuri ya chokaa, kinakaa miezi tisa bila tone la mvua, na mbuzi wakikosa kila kitu hula majani yake. Ukipita karibu kinakushika nguo, nawe huna budi kusimama ujinasue mwiba mmoja mmoja.

"Kisije kikaziba kabati tu," akasema Suad. "Mna nguo zangu za harusi humo."

Akaleta maji kwa birika akakimwagia. Asubuhi majani yote yalikuwa chini. Hawakukimwagilia tena, na kikapona.

Iliwachukua wiki mbili kujua kinachokikuza. Ijumaa walikuja wanawake wanne kumkaribisha mgeni, mmoja kutoka Edgware Road na mikate ya kumimina, na wanawake wa pwani wakikutana hawaulizani habari moja. Habari za siku nyingi? Njema. Za watoto? Njema. Za kazi? Za mguu ule? Za kule Pemba? Njema, njema, njema. Kabla chai haijamiminwa kichaka kilikuwa kimefika kwenye dirisha, na mgeni wa Edgware Road alikuwa amenaswa mtandio.

Suad, ambaye hapendi kubahatisha, alijaribu wenyewe wakiwa wawili. Alijiuliza kwa sauti habari za magoti yake, akajijibu njema. Tawi likasogea vidole viwili. Magoti ya Suad yalikuwa yakimuuma tangu mwaka 1996.

"Basi tuwe tunasema mbaya," akaamua.

Wakajaribu. Jumapili alikuja jirani mmoja wa Kipemba, akauliza habari za kazi, Suad akamjibu, "Mbaya." Yule jirani akaona amefukuzwa. Akavaa koti lake, akateremka ngazi bila kunywa chai, na mpaka leo hajarudi. Ikabidi warudie njema, na kichaka kiendelee na safari yake.

Kilikuwa na haraka kuliko wao. Mwezi wa Machi mizizi ilitoboa sakafu ikatokea kwenye dari la duka la masanduku, na mwenye duka, mtu mpole kutoka Gujarat, akaitumia kutundikia mikoba ya mkono. Hayat hakuweza kutulia karibu nacho wala mbali nacho. Kila asubuhi alitoka, akashuka na barabara kuu ya Kilburn, akapita Maida Vale mpaka Edgware Road, akasimama mbele ya mikahawa ya Waarabu, akageuka akarudi. Akifika nyumbani anauliza kama posta imepita. Kama haijapita anatoka tena. Alikonda, viatu vikamwisha, Suad akampa vyake vya kazini.

Jumamosi alikuwa akimpigia Miska kwa kadi ya simu.

"Hujambo, mama? Habari za huko?"

"Njema, mwanangu. Na wewe? Za shule?"

"Njema. Nakuja lini?"

"Karibu."

"Karibu ya mwezi huu?"

Hayat husema tutaona, huku akitoa mwiba kwenye mkono wa gauni. Jumamosi moja shangazi akachukua simu. Alikuwa na habari yake. Mumewe amepata kazi Maskati, na Disemba wanahamia huko. Viza walizopewa ni za mume, mke na watoto wao wa kuzaa. Alisema hayo kwa aibu, kwa sauti ya chini, kwa sababu Miska alikuwa amesimama pale pale. Hayat alimjibu kwamba ameelewa, akamshukuru kwa yote aliyomfanyia mtoto, akakata simu, na ndipo akalia mpaka Suad akaja kumshika mabega.

Aprili barua ikafika. Suad aliisoma jikoni, miwani kwenye ncha ya pua. Ofisi ilikuwa na sababu mbili za kumkatalia. Kwanza, haikusadiki kwamba anatoka huko anakosema, kwa kuwa hakuweza kumtaja mkuu wa wilaya. Pili, hata kama anatoka huko, kwa hiari yake mwenyewe na kabla ya kuulizwa jambo lolote jingine, alisema kwamba nyumbani ni kwema na watu wake wote ni wazima.

"Mkuu wa wilaya!" Suad akapandisha sauti. "Tangu mwaka tisini na moja hakuna serikali, mkuu wa wilaya watamtoa wapi? Wamwazime wa kwao!"

Hayat aliuliza swali moja tu, kama yule kijana aliyemsalimu ametajwa pia kwenye barua.

Solomon alitajwa, na habari ikamfikia. Mwezi wa Mei alipanda ghorofa zile tatu mwenyewe, na mfuko wa machungwa, na kabla hajafika kwenye kiti alinaswa koti mara mbili. Alijinasua kwa utaratibu, akaketi.

"Mama, mimi ndiye niliyekuharibia."

"Hukuniharibia. Ulinisalimu."

"Ningenyamaza tu."

"Ungenyamaza ningesema kijana gani huyu, hana mama?"

Solomon alicheka kidogo, kisha hakuweza kuendelea kucheka. Akasema Hayat akikata rufaa atakwenda mahakamani kutoa ushahidi, hata kama hawatampa kazi tena. Hawakumpa tena, kwa kweli, na siku hizi anatengeneza lifti.

Wakili alikuwa Anne-Marie, mzaliwa wa Lubumbashi, mwanamke mfupi mwenye mkoba mzito kuliko yeye. Aliingia chumbani, akazunguka kichaka pande tatu, upande wa nne haukupitika.

"Mama Hayat, hii muti iko ushahidi," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Wao wanasema hautoke kule. Hii muti inatoka wapi?"

"Kule."

"Basi tutaleta mutu wa miti aseme."

Mtu wa miti aliitwa Ryan, kijana mrefu wa bustani moja ya mimea, mwenye kioo cha kukuzia shingoni. Alikuja Juni, wakati kikwata kimechanua maua meupe na nyuki wameshakigundua. Suad alikuwa amewaachia nyuki dirisha la jikoni kwa sababu la chumbani lilishazibwa na matawi. Ryan hakuuliza kimeoteaje ghorofa ya tatu. Alipima shina, akahesabu vijani, akakwangua kidogo gome, akatia ua moja kwenye bahasha. Suad akamuuliza kwa Kiingereza kama anataka chai, naye akajibu kwa Kiswahili alichojifunza mwaka mmoja Garissa, "Asante, njema," na tawi likasogea likamwondoa kofia.

Taarifa yake ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ilisema kwamba kichaka hiki ni kikwata, cha ukoo unaoota juu ya miamba ya matumbawe katika kipande kimoja cha pwani na visiwa vyake, na kwamba hakuna kingine cha ukoo huo katika nyumba yoyote ya vioo ya kuoteshea mimea barani Ulaya. Hakiwezi kuwa kimetoka kwingine. Anne-Marie aliisoma mara mbili ndani ya basi, akapitiliza kituo chake.

Rufaa ilisikilizwa Julai. Hakimu alikuwa mzee msafi, mwenye sauti ya taratibu, na aliisifu taarifa ya Ryan kwamba ni ya kitaalamu na inasomeka. Kisha akamgeukia Hayat. Mkalimani wa siku hiyo, dada mmoja kutoka Tanga, hakumsalimu. Alikuwa ameshaonywa.

"Siku ya mahojiano ulisema nyumbani ni kwema. Kuna aliyekulazimisha?"

"Hapana."

"Ulikuwa unasema kweli?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unamdanganya afisa."

"Afisa sikumjibu. Nilimjibu huyu kijana salamu."

"Kwa kweli au kwa uongo?"

"Kwa adabu," akasema Hayat.

Hakimu alishika kalamu juu ya karatasi kwa muda. Hapakuwa na mahali pa kuandika hilo. Akamwita Solomon, akamuuliza, ikiwa salamu si ushahidi, kwa nini aliitafsiri? Solomon akajibu kwamba aliapa kutafsiri kila neno. Hakimu akasema hiyo ni sahihi kabisa, hata yeye angefanya hivyo, akamruhusu ashuke. Solomon alishuka kizimbani machozi yanamlenga, na hasira, kwa sababu alijua kwamba amesifiwa kwa jambo lile lile lililomponza Hayat.

Hukumu ilifika Septemba, aya ishirini na mbili. Kuanzia aya ya tano mpaka ya kumi na tisa ilizungumza habari za kikwata. Mahakama ilikubali bila kusita kwamba kichaka kinatoka huko kinakosemekana kutoka. Ilikubali kwamba hali ya huko ni ngumu, watu wanakata miti ovyo kwa ajili ya makaa, na hakuna mamlaka ya kukilinda. Ilikubali kwamba kimeshatia mizizi Kilburn na kukiondoa kungekiumiza pasipo sababu. Kwa hiyo kikapewa ruhusa ya kubaki bila kikomo, na mwenye nyumba akaamriwa asikiguse. Aya tatu za mwisho zilikuwa za Hayat. Kuwa na kichaka, ilisema hukumu, kunaonyesha tu kwamba mtu aliwahi kuwa karibu na kichaka. Na kuhusu usalama wa nyumbani kwake, shahidi bora ni yeye mwenyewe. Rufaa ilitupwa. Hata hivyo hataondoshwa kwa sasa, kwa kuwa hakuna njia inayojulikana ya kumfikisha mtu huko. Atakuwa akienda kutia sahihi ofisi ya uhamiaji kila Alhamisi, na hawezi kumwita mtu yeyote wa familia yake.

"Wamekipa makaratasi kichaka," akasema Suad. "Mimi ilinichukua miaka tisa."

Hayat alivaa viatu, akaenda Edgware Road na kurudi mara tatu siku ile, na mara ya tatu ilikuwa inanyesha. Alikuwa na uchungu, na alikuwa na haya pia, haya ya ajabu, kana kwamba yeye ndiye aliyefanya utovu wa adabu. Anne-Marie alipiga simu kusema kuna mahakama ya juu. Mahakama ya juu ilijibu kwa nusu ukurasa kwamba haioni kosa la kisheria.

Mambo mengine yaliendelea kama kawaida. Kitanda cha Hayat kilihamishiwa kwenye ujia, kwa kuwa chumba sasa kilikuwa cha kikwata kwa barua. Bustani ilileta kipimo cha unyevu, ikakitundika ukutani, na paa lililovuja tangu Suad ahamie, lililolalamikiwa mara kumi na moja, likazibwa ndani ya siku mbili kwa sababu kichaka hakitaki maji. Mafundi walipita pembeni ya kitanda cha Hayat, wakaomba radhi.

Katikati ya Novemba Ryan alirudi, na begi la ramani. Suad akamkaribisha jikoni. Hayat alikuwa ametoka kutia sahihi, bado ana koti mwilini. Ryan alieleza, na Suad akatafsiri, kwamba kuna tatizo moja. Kikwata kimechanua vizuri, nyuki wamefanya kazi yao, lakini maganda yote yametoka matupu. Kichaka cha ukoo huu hakizai kikiwa peke yake. Kinataka jamaa yake karibu. Bustani imeomba kibali cha kuleta mche mmoja mchanga kutoka kule kule, na kibali kimetoka ndani ya siku nane.

"Kutoka kule wapi?" akauliza Hayat.

Ndilo Ryan alilokuja kuuliza. Ramani yake ilionyesha bahari tu na nukta.

Hayat akavua koti. Akasogeza sahani, akaweka kidole juu ya meza. Ukishuka bandarini, akasema, una msikiti mkono wa kulia, mnara wake mfupi, umepakwa chokaa mpaka nusu kwa sababu mpakaji alikufa. Pita kisima cha maji ya chumvi, usinywe. Utaona nyumba saba za mawe, ya tano haina paa. Nyuma yake kuna tanuri lililobomoka upande mmoja. Hapo simama, tazama juu, mwamba umepasuka kama mkate, na vikwata vimeanzia kwenye ule mpasuko. Vichanga viko upande wa kusini, mbuzi hawafiki.

Suad alitafsiri. Ryan aliandika kila neno. Hakumwomba arudie, hakumuuliza amejuaje, hakumuuliza jina la mkuu wa wilaya. Alichora nyumba saba akaitilia alama ile ya tano. Alisema ni maelezo bora kuliko yote aliyowahi kupewa.

"Mche utapita njia gani?" Hayat akauliza.

Ryan akasema kuna rubani wa ndege ndogo anayekwenda huko kila wiki mbili kuchukua kamba wa baharini, ni jambo rahisi. Atauleta Mombasa, na kutoka Mombasa utapanda ndege ya abiria mpaka Heathrow. Mche mchanga hauachwi peke yake kwenye mizigo, hufa kwa baridi. Lazima mtu aupakate njia nzima.

Nyuki mmoja aliyesahau msimu alikuwa akipiga kichwa kwenye kioo.

"Mwambie," Hayat akamwambia Suad, "Mombasa ninaye msichana. Ametimiza miaka tisa. Ana mikono mizuri, habwagi kitu. Mwambie anaweza kuupakata."

Suad akamwambia. Ryan hakulichukulia kama mzaha. Alitoa kibali kwenye begi, akakisoma mbele na nyuma, akakisoma tena. Kisha akasema, kwa masikitiko ambayo yalikuwa ya kweli, kwamba kibali kinataja mche, pamoja na udongo ulioshika mizizi yake. Msichana hakutajwa. Mpakataji atatoka hapa hapa London, ameshakatiwa tikiti.

Halafu akageuza ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na sehemu ndogo ya kujaza, taratibu tu. Bustani inatakiwa kuthibitisha kwamba mahali hapo pako kweli, na kwamba aliyepaeleza ni mzaliwa na mwenyeji wake. Akamwekea Hayat kidole mahali pa kutia sahihi. Hayat akatia sahihi, na Ryan akagonga muhuri juu yake.

Shangazi aliondoka Mombasa tarehe kumi Disemba. Miska aliachwa kwa jirani muuza vitumbua, mpaka patakapojulikana la kufanya. Mche ulifika Heathrow tarehe kumi na mbili, umefungwa kwa blanketi, ukapitishwa bila swali. Ulipandwa upande wa dirishani, pale Hayat alipokusudia kuweka kitanda cha mtoto, na siku ya tatu ukashika.